Bakshishi ya Msusi: Lipa Bei Kwanza

Hakuna saluni ya soko letu la Mitaboni yenye bango la bakshishi ukutani. Bei za kusuka zipo, nyingine zimebandikwa kando ya picha za mitindo, nyingine anazo msusi kichwani. Lakini cha juu umpe nani, kiasi gani na kwa njia gani, hilo kila mteja huachiwa ajijulie. Ndiyo maana mmoja hutoa shilingi 500 mbele ya watu na kumwacha msusi wa kiti cha pili amenuna. Mwingine hakubali kutoa hata shilingi 20 kwa kuwa hapa si Nairobi. Wa tatu hulazimisha apunguziwe bei, kisha huacha "ya soda" na kutoka akijiona mkarimu.

Msimamo wangu ni huu. Katika soko dogo kama Mitaboni, ambako msusi wako ni jirani, mwanachama mwenzako wa chama, au mama wa mtoto anayesoma na wako, bakshishi ni hiari na huja ya tatu kwenye foleni. Ya kwanza ni bei mliyoafikiana, ilipwe yote. Ya pili ni wakati: lipa leo, na usimpotezee msusi saa zake bure. Bakshishi inafuata hapo, na sharti lake ni moja tu, ifike mkononi mwa aliyefanya kazi.

Asilimia za Marekani ziache Marekani

Ukitafuta ushauri huu mtandaoni, jibu la kwanza utakalokutana nalo ni asilimia 15 hadi 20 ya bei. Hiyo ni desturi ya Marekani, na ina mizizi yake huko. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo humruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi, hasa mhudumu wa mkahawa, dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi ijazie hadi kima cha chini cha mshahara. Kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991. Ukiwa na sheria ya namna hiyo, mteja anakuwa mlipaji wa pili wa mshahara apende asipende, na mazoea ya bakshishi yapo hata kwa wasusi, vinyozi na madereva wa teksi. Ukienda Japani mambo ni kinyume: ukimwachia mhudumu hela mezani, huenda akakukimbilia barabarani akurudishie.

Saluni yetu haifuati mpango wowote kati ya hiyo miwili. Hapa bei hutajwa kwa mdomo kabla ya kuketi, hujadiliwa, hukubaliwa, na ndani yake mna jasho la msusi, kodi ya chumba, umeme wa tokeni, leseni ya biashara ya kaunti na mtungi wa maji wa lita 20 ambao wakati wa kiangazi hununuliwa. Ukishalipa bei hiyo, huna deni. Usitoke mlangoni ukiona haya kwa kuwa hukuongeza kitu, wala usimwone mwenzako mbahili kwa kuwa naye hakuongeza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jua unamlipa nani

Kabla ya kufungua pochi, fahamu jinsi saluni inavyoendeshwa, kwa sababu shilingi 100 ile ile huwa na uzito tofauti kwa watu tofauti.

Mara nyingi katika masoko yetu mwenye saluni ndiye msusi. Pesa zote ni zake na gharama zote ni zake. Huyu hahitaji sana bakshishi. Anachohitaji ni urudi, ulipe bila kusukumwa, na umletee mteja mwingine. Ukimwongezea kitu atashukuru, lakini usipomwongezea hujamnyima.

Aina ya pili ni msusi anayefanya kazi kwa mgao: kila kichwa alichosuka, sehemu ni yake na sehemu ni ya mwenye duka, aghalabu nusu kwa nusu au karibu na hapo. Huyu siku isiyo na wateja anarudi nyumbani mikono mitupu. Bakshishi yake haigawanywi, na ndiyo maana kwake ina uzito.

Aina ya tatu ni anayekodi kiti. Humlipa mwenye saluni kiasi fulani kwa siku au kwa mwezi, kinachobaki ni chake. Mhesabu kama mwenye biashara.

Kisha yuko mwanagenzi: yule msichana anayeosha nywele, anayechambua nyuzi na kukupasia, anayefagia, anayetumwa dukani. Wengi wao bado wanajifunza, na malipo yao ni chakula cha mchana na nauli, au hata hayo hawapati. Kama una hela moja tu ya kutoa katika saluni nzima, huyu ndiye wa kwanza kumfikiria.

Utajuaje nani ni nani? Uliza wakati wa kulipa, kwa lugha ya kawaida: "Nikulipe wewe ama nilipe pale?" Jibu litakuonyesha pesa zinaelekea wapi.

Usipunguze bei kisha ujiite mkarimu

Tuseme rasta ni shilingi 1,000. Unamlalamikia msusi mpaka anashuka hadi 800, halafu mwishoni unamwachia 50 "ya chai". Piga hesabu. Kama analipwa nusu kwa nusu, angepata 500. Sasa anapata 400 na hiyo 50 yako, jumla 450. Amepoteza shilingi 50, mwenye saluni amepoteza 100, na wewe unataka ushukuriwe. Mkamba wa Mitaboni atakuambia "nĩ mũvea", yaani asante, kwa adabu, lakini hesabu ameiona.

Kujadili bei si dhambi. Jadili kabla ya kuketi, na hoja yako iwe ya kweli: nywele umekuja nazo mwenyewe, umeziosha na kuzikausha nyumbani, au unataka nyuzi kubwa zinazoisha upesi. Mkishaafikiana, hiyo ndiyo bei. Atakayeanza kujadili upya akiwa amesimama mbele ya kioo, kazi imekwisha na ncha zimechovywa kwenye maji moto, huyo anamnyang'anya mtu mshahara.

Kazi inayoongezeka katikati nayo ni bei, haimo katika bakshishi. Umekuja ukisema nyuzi za wastani, kisha ukaonyesha picha kwenye simu ukataka nyembamba: hizo zinaweza kula muda maradufu. Umemleta mtoto ambaye hamkumpangia. Pakiti ulizonunua hazikutosha, mwanagenzi akatumwa dukani. Kila badiliko uliza hapo hapo, "Hii inaongeza ngapi?" Usingoje mwisho ukadhani shilingi 50 zitafunika saa mbili za vidole vya mtu.

Chunga pia muda wake. Msusi aliyekuwekea nafasi ya saa tatu asubuhi, nawe ukafika saa tano na nusu, huenda amemkataa mteja mwingine kwa ajili yako. Kwa mtu anayelipwa kwa kichwa, kichwa kilichopotea hakirudi. Ukichelewa, piga simu mapema. Ukikosa kabisa, ulizia kama kuna hasara ya kufidia.

Kiasi gani kinafaa?

Haya ni mapendekezo yangu kwa masoko ya ukubwa wa Mitaboni, na kila mtu apime kwa mfuko wake.

Njia nyepesi ni kujaza hadi namba kamili. Umeambiwa 450, toa 500 na useme wazi, "Chenji baki nayo." Maneno hayo yana kazi. Usiposema, msusi mwaminifu atabaki akihangaika kutafuta sarafu. Asiye mwaminifu atakaa kimya, na wewe utaondoka na kinyongo. Kwa upande mwingine, "sina chenji" isigeuke bakshishi ya lazima. Njoo na noti za 50 na 100, kisha ukiongeza iwe kwa hiari yako.

Kwa kazi ya kawaida ya saa moja au mbili, shilingi 50 ni heshima tosha. Kwa rasta nyembamba zilizochukua siku nzima, au kwa mtoto aliyelia tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho na msusi hakupandisha sauti, 100 hadi 200 inafaa kama unayo. Kwa mwanagenzi aliyekuosha nywele vizuri, shilingi 20 hadi 50. Usikope ili utoe bakshishi, na usitoe kila mara kwa kiwango kitakachokushinda mwezi ujao. Bora 50 ya mara kwa mara kuliko 500 ya siku moja ya kujionyesha.

Kitu badala ya hela nacho ni bakshishi. Msusi anayesimama saa sita mara nyingi hali chakula cha mchana kwa wakati. Sahani ya muthokoi, chapati na maharagwe, au chai na maandazi ukimwagizia saa saba, ukampa nafasi ya kula ukiwa umetulia kitini, ni jambo atakalolikumbuka. Maembe yakiiva, ndoo ndogo kutoka shambani haikataliki. Na ukipenda kazi yake, piga picha uiweke kwenye status ya WhatsApp pamoja na jina la saluni. Mteja mmoja mpya atamletea zaidi ya shilingi 50 zako.

Mkononi, kwenye simu au kwenye till?

M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo wateja wengi huingia saluni bila hata noti moja. Hapa ndipo bakshishi nyingi hupotelea njiani.

Ukilipa kwa namba ya till ya Lipa na M-Pesa, pesa zinaingia kwa mwenye biashara. Ukiongeza 100 juu ya bei ukidhani umempa msusi, yeye huenda asijue kwamba ilikuja. Lipa bei kwenye till, kisha bakshishi itenge. Uingereza tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri analazimika kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kujikatia chochote. Wewe hapa Mitaboni huna haja ya kungoja bunge. Mpe mwenyewe.

Kumtumia kwenye simu yake ni rahisi, kwani kutuma shilingi 100 au chini yake kwa mtumiaji wa M-Pesa hakukati ada. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kutoa kiasi hicho kwa ajenti kunakula zaidi ya shilingi 10, na chini ya 50 hazitoki kabisa. La pili ni Fuliza. Tangu 2019 Safaricom humwezesha mteja kutumia zaidi ya salio lake, na deni hilo hujilipa pesa zozote zikiingia kwenye laini. Bakshishi yako inaweza kumezwa kabla msusi hajaona ujumbe. Basi muulize tu: "Nikutumie ama nikupe mkononi?" Usimuulize kwa nini amechagua hivi au vile, hiyo ni siri yake na simu yake.

Noti mkononi bado ndiyo njia bora. Ikunje, mpe wakati unaaga, mshukuru kwa jina, nenda zako. Usiitupe juu ya meza ya vipodozi wala usiitangaze.

Wasusi wawili, kichwa kimoja

Siku ukiwa na haraka, wawili au watatu hukushika kichwa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kuhusu bei wao wenyewe wanajua watakavyogawana, kwa hiyo usiingilie. Kuhusu bakshishi usimpe mmoja ukatumaini atawakumbuka wenzake. Ama mpe kila mmoja chake, ama mpe mmoja huku wote wakisikia: "Hii ni yenu wote, mgawane." Maneno hayo machache huzuia ugomvi wa wiki nzima.

Na kama mmoja alikuwa bora kuliko wenzake? Mpe sawa na wengine hapo mbele yao, halafu safari ijayo mwombe yeye kwa jina. Mbele ya mwenye saluni, kuombwa kwa jina kunampandisha zaidi ya noti.

Ndugu, jirani na kinyozi

Msusi akiwa binamu, shangazi au mwanachama mwenzako, ndipo watu hujisahau. Undugu unageuka punguzo, punguzo linageuka bure, na bure inaitwa upendo. Lipa bei kamili. Kama yeye mwenyewe akikupunguzia, hapo ndipo bakshishi inapofaa, au mfuko wa unga siku nyingine. Duka la ndugu hufa haraka likitegemea ndugu.

Kwa kinyozi, kanuni ni zile zile, ila watu ni wawili: anayenyoa, na mara nyingi msichana anayeosha kichwa na kukanda shingo na mabega. Uliza mapema kama kuoshwa na kukandwa kumo ndani ya bei, maana kuna sehemu humo na kuna sehemu hulipwa kando. Kama kumo, huyu wa pili ndiye mara nyingi hutegemea cha mkononi. Shilingi 50 ni nzuri. Na wanaume wenzangu tuelewane: bakshishi hainunui namba ya simu, mzaha wa matusi, wala ruhusa ya kumshika mtu. Ukitoa ukitarajia hayo, afadhali usitoe.

Desemba, harusi na ntheo

Katikati ya Desemba magari ya kutoka Nairobi na Mombasa yanaleta watu nyumbani, na saluni hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Bei hupanda, na ni haki yake kupanda, kwa kuwa Januari viti hukaa vitupu wazazi wakihangaika na karo. Ukija nyumbani na pesa za mjini, usigawe 1,000 kwa mmoja huku wenzake wanne wakitazama, na usiwape wenyeji kiwango cha bakshishi ambacho hawataweza kukifuata ukishaondoka. Kama unataka kufurahisha wote, wanunulie wote chakula cha mchana. Kama umeweka nafasi, toa kianzio. Kianzio ni sehemu ya bei, nacho ndicho kinachomhakikishia msusi kwamba utakuja.

Kwa harusi au ntheo, ile sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakamba, msusi akija nyumbani kusuka wasimamizi na mama wa bibi harusi, nauli ya bodaboda kuja na kurudi ni gharama yako, na chakula ni wajibu wa mwenyeji. Usivihesabu hivyo kuwa bakshishi. Ya kumwongezea itatoka kwa familia kwa pamoja: mtu mmoja akusanye kutoka kwa waliosukwa, amkabidhi kabla sherehe haijaanza. Sherehe ikishapamba moto, msusi husahaulika.

Kazi ikikupendeza nusu

Kutotoa bakshishi si njia ya kulalamika. Msusi hatajua kama umekasirika au huna tu. Sema ungali kitini: "Mistari ya mbele inavuta sana, nilegezee." Na usione aibu kusema, kwa sababu nywele zinazovutwa kupita kiasi mara kwa mara hukatika na kung'oka kwenye kingo za kichwa, na zikizoea kung'oka huenda zisiote tena. Akirekebisha bila kinyongo, huyo ndiye anayestahili nyongeza, maana kurekebisha ni kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Akikataa, lipa mlichokubaliana kwa sehemu iliyofanyika sawasawa, zungumza na mwenye saluni kuhusu iliyobaki, na utafute kiti kingine.

Nanyi wasusi

Neno fupi kwenu. Tajeni bei nzima kabla ya kushika kitana: kusuka, nywele, kuosha, maji moto. Mrudishieni mteja chenji hadi sarafu ya mwisho, kisha yeye aamue. Msiombe "ya soda", kwa kuwa mteja aliyeombwa hutoa leo na kuhama kesho. Na mwenye saluni, ya mwanagenzi ni ya mwanagenzi. Usiiweke kwenye droo yako ukisema ni ya sabuni.

Kwako msomaji, shika mpangilio ule ule: bei yote, leo, kisha cha mkononi kwa aliyesuka. Na kama mfukoni una shilingi 50 tu za ziada, na yale malipo ya wiki iliyopita uliyoahidi kutuma jioni bado hujayatuma, hiyo 50 anzia kulipa deni.